TAA MPYA KWA TAA KUUKUU
Somo kuhusu hadithi za watoto na marudio yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo letu safari hii limetokana na ugomvi mdogo wa nyumbani. Mwanafunzi mmoja wa madrasa yetu hapa Kahama analelewa na bibi yake. Baba yake yuko machimboni upande wa Nyarugusu, mkoani Geita, na mama yake hufanya biashara ya mchele kati ya hapa na Katoro. Bibi huyu ana ada ya kuwasimulia wajukuu hadithi baada ya sala ya Isha, wakiwa wamekaa mkekani na taa imepunguzwa.

Usiku mmoja alikuwa anasimulia hadithi ya Aladini na taa ya ajabu. Alipofika mahali ambapo mama yake Aladini anasokota pamba ili mwanawe apate kula, mjukuu akamkatiza.

"Bibi, unakosea. Aladini hana mama. Ni yatima. Mimi nimeiona."

Aliiona kwenye filamu, katika simu ya kaka yake. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, mimi ndivyo nilivyohadithiwa." Mtoto akajibu, "Basi aliyekuhadithia alikudanganya." Bibi akanyamaza. Wiki nzima hakusimulia tena, na kila alipoombwa alisema, "Si mnayo simu? Simu ndiyo inajua."

Mtoto akaja kwangu na swali lake: "Ustadhi, nani mkweli, bibi au filamu?"

Niliona kuwa swali hili si la mtoto mmoja. Watoto wengi wa Kahama, Shinyanga, Geita na Katoro leo wanazijua hadithi za kale kwa njia ya filamu zilizotengenezwa na makampuni makubwa ya mbali, iwe kwenye simu, kwenye televisheni ya jirani au kwenye kibanda cha video ambako mtafsiri anaingiza maneno ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

1. MAANA YA MARUDIO

Wenye ndugu machimboni wanalijua neno hili. Mchimbaji mdogo hupeleka viroba vyake vya mawe kwenye karasha. Mawe yakishasagwa, unga wake huoshwa kwenye mwalo, naye hupata dhahabu yake kwa zebaki na kwenda zake. Mchanga unaobaki ndio huitwa marudio, na mara nyingi huachwa kwa mwenye mwalo. Mwenye mtaji huupeleka kwenye plenti ya kuchenjulia kwa sianidi, na dhahabu inayopatikana huko huweza kuizidi ile aliyoondoka nayo mchimbaji.

Hadithi nazo zina marudio. Kampuni huchukua hadithi ambayo imekwisha kusimuliwa mara nyingi, ikaichenjua upya kwa mitambo mipya, na kupata humo fedha ambayo msimulizi wa kwanza hakuiota. Kampuni ya Disney ya Marekani ndiyo iliyojulikana zaidi kwa kazi hii. Imerudia Cinderella mwaka 2015, The Jungle Book mwaka 2016, Beauty and the Beast mwaka 2017, na mwaka 2019 ikarudia Aladdin na The Lion King. Hizi mbili za mwisho kampuni yenyewe ilikwisha kuzitoa kama katuni, Aladdin mwaka 1992 na The Lion King mwaka 1994. Marudio ya Aladdin yaliingiza zaidi ya dola za Marekani bilioni 1, na yale ya The Lion King zaidi ya bilioni 1.6.

Kwa nini makampuni hupenda kurudia badala ya kutunga upya? Sababu ziko wazi:

(a) Jina linajulikana tayari. Hadithi mpya ni kama kuchimba duara jipya, hujui kama chini kuna kitu. Hadithi ya kale imekwisha kupimwa.

(b) Mzazi aliyeipenda katuni akiwa mtoto mwaka 1994 sasa ana watoto wake, naye huwapeleka kwa hiari yake. Tiketi moja huzaa tatu.

(c) Pamoja na filamu huuzwa fulana, mabegi ya shule, vikombe na wanasesere.

(d) Hadithi kongwe haina mwenyewe kisheria, ni mali ya watu wote. Lakini picha, nyimbo na majina mapya yaliyotiwa ndani yake yana mwenyewe. Hivyo kampuni huchukua kitu kisicho na mwenyewe na kutoka na kitu chenye mwenyewe.

Kurudia hadithi peke yake si kosa. Tutaona mbele kuwa hata wazee wetu walifanya hivyo. Jambo la kuangalia ni namna ya kurudia.

2. KIPIMO CHETU: ISNADI NA MATINI

Ninyi mmekwisha kusoma katika elimu ya Hadithi kwamba wanachuoni hawakuipokea kauli mpaka waulize mambo mawili. La kwanza ni isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi: nani kakuhadithia, naye kaipata kwa nani? La pili ni matini, yaani maneno yenyewe: yamekujaje, kimeongezwa nini na kimepunguzwa nini?

Natanguliza tahadhari. Hadithi za Mtume (S.A.W.) ni dini, na hekaya za Aladini ni burudani na mafunzo. Hatuzipandishi hekaya mahali pasipo pake. Lakini tabia ya kuuliza "umeipata wapi?" ni tabia njema kwa kila habari, na Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mwanafunzi wetu alimdhuru bibi yake kwa kutojua. Alisema "nimeiona", kana kwamba aliyeona picha ameshuhudia tukio. Aladini hakuna aliyemwona. Bibi alisikia kwa mtu, na waliotengeneza filamu nao walisoma kwa watu. Wote ni wapokezi. Basi tuwapime.

3. MFANO WA KWANZA: ALADINI

(a) Isnadi yake

Watu hudhani hadithi ya Aladini ni miongoni mwa hadithi asilia za Alfu Lela U Lela. Sivyo. Mfaransa mmoja aliyejua Kiarabu, Antoine Galland, alianza kuchapisha tafsiri ya Kifaransa ya Alfu Lela U Lela mwaka 1704, akitumia hati ya Kiarabu iliyotoka Sham. Katika hati ile Aladini hamo. Hadithi zilipomwishia, na wasomaji wanadai zaidi, mwaka 1709 mjini Paris akakutana na kijana wa Halab aitwaye Hanna Diyab, Mkristo wa Kimaroni, aliyekuwa fundi wa kusimulia. Diyab akamsimulia hadithi nyingi, zikiwemo ya Aladini na ya Ali Baba. Galland akaziandika kwa Kifaransa, na Aladini ikachapishwa mwaka 1712.

Galland aliandika jina la Diyab katika shajara yake ya kila siku, lakini katika kitabu alichowauzia watu hakulitaja. Diyab alirudi Halab bila kazi aliyotumainia kuipata huko Ufaransa, akawa mfanyabiashara wa vitambaa. Uzeeni aliandika kwa mkono wake, kwa Kiarabu, habari za safari yake. Hati hiyo ililala katika maktaba ya Vatikani hadi ilipotambuliwa katika miaka ya 1990, na tafsiri yake ya Kifaransa ikachapishwa mwaka 2015. Kwa hiyo dunia nzima iliicheka na kuililia hadithi ya Aladini kwa karne mbili na zaidi bila kumjua aliyeihadithia.

Mnaona? Mnyororo haukukatwa na kampuni ya Marekani. Ulikatwa mapema, na mtu mmoja mwenye kalamu aliyeona jina la msimulizi halina haja.

(b) Matini yake

Sasa tulinganishe hadithi ya mwaka 1712 na filamu.

Katika hadithi, Aladini anaishi China. Baba yake ni fundi wa kushona nguo, jina lake Mustafa. Katika filamu mji unaitwa Agrabah, jina la kubuni. Katika hadithi binti mfalme anaitwa Badrul Budur, na katika filamu ni Jasmine. Katika hadithi kuna majini wawili, wa pete na wa taa, na Aladini huagiza atakalo bila idadi. Sharti la maombi matatu tu limetiwa na filamu. Busati linaloruka nalo halimo katika hadithi ya Aladini, limechukuliwa kwenye hadithi nyingine.

Filamu ya mwaka 1992 ilitia pia maneno mabaya. Katika wimbo wa mwanzo, nchi ya Waarabu ilielezwa kama mahali pa kumkata mtu sikio. Waarabu wanaoishi Marekani walilalamika, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa katika kanda zilizouzwa. Tujifunze hapo kuwa malalamiko yenye hoja huweza kurekebisha jambo, na kwamba waliolalamika kwanza walisikiliza kwa makini.

(c) Mama aliyeondolewa

Badiliko kubwa kuliko yote ndilo lililogombanisha nyumba ya mwanafunzi wetu. Katika hadithi, baba akisha kufa, mama yake Aladini anabaki na kijana mvivu asiyetaka kazi. Anauza vifaa vya duka la marehemu, anasokota pamba, wanakula. Yeye ndiye anayeisugua taa, kwani alitaka kuisafisha ili iuzwe wapate chakula, na jini akamtokea. Aladini alipotaka kumposa binti mfalme, ni mama aliyefunga vito katika kitambaa, akaenda barazani kwa sultani, akasimama siku baada ya siku bila kusemeshwa, mpaka sultani mwenyewe akauliza, yule mama ana shida gani?

Filamu haina mama huyu. Aladini ni yatima wa mitaani mwenye rafiki nyani. Waliotengeneza filamu ya 1992 walikuwa naye mwanzoni, hata wakamtungia Aladini wimbo wa kumwahidi mama yake kuwa atajirekebisha. Kisha wakaona hadithi itakwenda mbio zaidi bila yeye, wakamtoa pamoja na wimbo. Marudio ya mwaka 2019 hayakumrudisha.

Ndugu wanafunzi, sisi ni watu wa nchi ya pamba. Wengi wenu mmewaona mama zenu na bibi zenu wakiinamia mashamba ya pamba Shinyanga, au wakiuza mihogo na uji mlangoni pa machimbo ili ninyi mpate daftari. Hadithi ya Aladini iliwahusu watu wa namna hiyo. Bila mama, inakuwa habari ya kijana mwenye bahati. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wetu ni hili: bibi hakukosea. Alivyoipokea yeye kunakaribia zaidi alivyoisimulia kijana wa Halab mwaka 1709 kuliko ilivyo katika simu ya kaka yako.

4. MFANO WA PILI: SIMBA NA MANENO YETU

The Lion King imetumia lugha yetu waziwazi. Shujaa wake ni Simba. Mzee mwenye hekima ni Rafiki. Ngiri ni Pumbaa, kutokana na kupumbaa. Fisi mmoja ni Shenzi. Mama yake Simba ni Sarabi, na neno hili mnalijua, kwani ndilo lililotajwa katika Suratun Nur aya ya 39 kwa maana ya mazigazi, yale yanayoonekana jangwani kama maji na kumbe si maji.

Kutumia maneno yetu si jambo baya. Lugha haiishi kwa kutumiwa. Lakini mambo mawili yalitokea ambayo inafaa myajue.

La kwanza ni "hakuna matata". Maneno haya yalikuwa midomoni mwa watu kabla ya filamu. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyaimba mwaka 1982 katika wimbo Jambo Bwana. Mwaka 1994 Disney iliomba kuyasajili Marekani kama alama ya biashara ya nguo, na mwaka 2003 usajili ukakubaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2018, filamu ya marudio ilipokaribia, Mzimbabwe mmoja akaanzisha waraka wa kupinga, na makumi elfu ya watu wakatia saini.

Hapa tuwe waadilifu. Wengi waliposikia walisema, "Wazungu wametukataza kusema hakuna matata." Hilo si kweli. Alama ile ilihusu kuandika maneno hayo kwenye nguo za kuuza huko Marekani, na haikumzuia mtu wa Kahama wala wa Mombasa kufungua kinywa chake. Suratul Maida aya ya 8 inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Ukimlaumu mtu, mlaumu kwa alilofanya. Lalamiko la haki lilikuwa hili: maneno waliyoyakuza watu wengi kwa karne nyingi, kampuni moja imeyawekea uzio sokoni, na hao watu hawakuulizwa.

La pili ni la uchungu zaidi. Katika filamu umo wimbo unaohusu simba aliyelala. Asili yake ni wimbo wa Kizulu, Mbube, maana yake simba, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda. Linda aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukaenda Marekani, ukapewa maneno mengine na majina mengine, ukatajirisha watu. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 2004 warithi wake walifungua kesi Afrika Kusini dhidi ya Disney, wakitegemea kifungu cha sheria ya zamani ya Kiingereza kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtungaji kufa. Februari 2006 yakapatikana mapatano na kampuni ya Marekani iliyokuwa inaumiliki wimbo, na mabinti wa Linda wakalipwa.

Mabinti wale walishinda kwa sababu isnadi ilihifadhiwa. Palikuwa na rekodi, jina na mwaka. Mnyororo wa Linda ulishikika mikononi, ukawalipa watoto wake. Wa Diyab ulikatika, na hakuna mtoto wake aliyelipwa.

5. JE, SISI HATUKUBADILISHA?

Mwenye kusema kweli ajitazame na yeye. Tuchukue kisa cha kima na papa. Kima alifanya urafiki na papa, papa akampakia mgongoni, na katikati ya bahari akamwambia kuwa sultani wao anahitaji moyo wa kima kwa dawa. Kima akasema moyo wake ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Kisa hiki kimo katika hadithi ya Punda wa Dobi, iliyoandikwa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870. Wengi huamini ni cha pwani yetu tangu mwanzo.

Kumbe kimo katika kitabu cha Kalila wa Dimna, ambacho Abdullah Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Yeye alikitoa katika Kiajemi cha kale, na Waajemi walikitoa India. Kwa Waarabu si papa, ni kasa. Watu wa Zanzibar walimtia papa kwa sababu ndiye waliyemwona baharini, na ukimsikia mzee wa kando ya Ziwa Viktoria akimweka mamba, usishangae.

Abunuwasi naye alikuwa mshairi hasa, Hasan bin Hani, aliyeishi Baghdad zama za Harun Rashid na kufariki yapata mwaka 814. Sisi tumemfanya mjanja wa kuwaumbua masultani na matajiri, tukampachika visa ambavyo hakuvijua.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika mambo mawili:

(a) Ibn al-Muqaffa hakuificha njia. Kitabu chake chenyewe kina mlango unaoeleza jinsi tabibu Burzoe alivyotumwa India kukitafuta. Aliongeza na kubadilisha, lakini aliyepokea kutoka kwake alijua kilikotoka.

(b) Aliyekisimulia Zanzibar hakumzuia aliyekisimulia Tabora. Kila mmoja alibaki na chake, na mlango ukabaki wazi.

Kurudia hadithi kwa kumtaja uliyeipokea kwake na kuwaachia wengine mlango wazi ni uaminifu. Kuirudia kwa kufuta jina la mwenziwe na kufunga mlango ni dhulma, awe mwenye kufanya hivyo ni kampuni ya Marekani au mzee wa kijijini.

6. KOSA LETU WENYEWE

Filamu ile iliyokuwa katika simu ya kaka yake iliingiaje? Ilijazwa kwa mia chache kwenye kibanda cha kuchaji simu, kutoka kwenye flashi. Aliyejaza hakununua haki, na aliyejaziwa hakuuliza. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda kazi ya mtungaji katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa, na ndani yake imo sehemu ya kulinda hadithi na sanaa za jadi. Hatuwezi kulalamika kuwa tajiri kachukua hadithi za wazee wetu bila kuuliza, na huku sisi tunachukua kazi yake bila kuuliza. Utajiri wa mwenye mali hauifanyi mali yake kuwa yetu. Na wanaoumia kwanza kwa tabia hii ni vijana wetu wenyewe wa Tanzania wanaotengeneza katuni na filamu za Kiswahili, kwa sababu wao hawana mabilioni ya kufidia hasara.

7. MAFUNZO YA TAA KUUKUU

Nimeacha sehemu moja ya hadithi ya Aladini makusudi. Mchawi aliyetaka ile taa alirudi mjini Aladini akiwa safarini. Hakuvunja mlango. Alinunua taa mpya zinazong'aa, akapita mitaani akitangaza kubadilisha taa mpya kwa taa kuukuu. Watu wakamcheka, wakaona huyu mwehu. Mjakazi wa jumba la Aladini akaikumbuka ile taa chakavu, binti mfalme akaruhusu, wakaitoa wakapewa mpya. Usiku ule jumba lote lilihamishwa, likapelekwa mbali, na kwa mujibu wa hadithi lilipelekwa huku kwetu Afrika.

Niliwauliza wanafunzi darasani, "Kosa ni la nani?" Wengi walisema la mjakazi. Mmoja akasema la binti mfalme. Nami nikawauliza, "Aladini aliwaambia thamani ya ile taa?" Hakuwaambia. Alijua peke yake, akaiweka mahali, akaenda kuwinda. Asiyejua thamani ya kitu hulaumiwaje kwa kukitoa?

Hili ndilo somo letu, na linatuhusu sisi wakubwa kabla ya watoto. Filamu mpya inang'aa, na si vibaya mtoto kuifurahia, mradi isiwe na machafu na isimle wakati wa sala na masomo. Makampuni yanauza taa zao mpya, ndiyo biashara yao. Lakini taa kuukuu iko kwetu, kwa bibi aliyekaa mkekani. Ikiwa hatukuwaambia watoto imetoka wapi na ndani yake kuna nini, wataitoa bure huku wakicheka, na sisi tutakuwa tumekwenda kuwinda.

8. TUFANYE NINI?

(a) Ukisikia hadithi, uliza imetoka kwa nani, na ukiisimulia, mtaje. Sema, "Kanihadithia bibi, naye alihadithiwa na fulani."

(b) Ukiona filamu inayotofautiana na ulivyohadithiwa, usiseme "umekosea". Sema, "Mimi niliisikia hivi, wewe uliisikiaje?" Hiyo ni adabu kwa mkubwa, na ndiyo njia ya kupata hadithi mbili badala ya kupoteza moja.

(c) Andika hadithi za kwenu. Sisi Wasukuma tuna kisa cha zimwi Shing'weng'we lililomeza watu na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito. Akamzaa Masala Kulangwa, na kijana huyo ndiye aliyeliua zimwi na kuwatoa watu tumboni mwake. Siku kisa hiki kikitengenezwa filamu na kampuni tajiri, na mama yule akaondolewa ili hadithi iende mbio, je, atakuwepo mtoto wa Shinyanga wa kusema, "Hapana, mama alikuwepo"?

HITIMISHO

Nilimwambia mwanafunzi wangu arudi nyumbani na swali moja tu. Alipofika akamsalimu bibi, "Shikamoo bibi," kisha akauliza, "Bibi, wewe hadithi ya Aladini ulihadithiwa na nani?" Bibi alimtazama kitambo. Usiku ule hakuanza na Aladini. Alianza na shangazi yake wa Tabora, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na jinsi shangazi alivyoipata hadithi kwa mumewe, mchuuzi wa nguo aliyekuja kutoka pwani. Ikawa saa nne na Aladini hajatajwa bado. Mtoto akaniambia kesho yake, "Ustadhi, kumbe bibi naye hakuwa na mama."

Wallahu a'lam.

ZOEZI

1. Nini maana ya isnadi na matini? Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutokana na somo hili.

2. Hanna Diyab na Solomon Linda walifanana katika nini, na walitofautiana katika nini?

3. Taja mambo mawili yanayotofautisha urudiaji wa Ibn al-Muqaffa na ule wa kufuta jina la msimulizi.

4. "Wametukataza kusema hakuna matata." Eleza kosa la kauli hii, na useme lalamiko la haki lilikuwa lipi.

5. Kazi ya nyumbani: Mwombe bibi, babu au mzee yeyote wa jirani akusimulie hadithi moja. Iandike pamoja na isnadi yake mpaka pale atakapokomea yeye. Uilete madrasa, na jina la msimulizi liandikwe juu, kabla ya jina lako.